Kukaa Mlangoni kwa Hawe

Kadzo mwanangu,

Kesho ukiamka hutanikuta. Mjomba wako Charo ndiye atakayekufikisha stendi ya Malindi na kukupandisha basi, na ndiye atakayekupeleka mpaka shuleni kwako Mariakani. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ukifika mwisho, ukitaka kukasirika, kasirika. Utakuwa na haki yako.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimekaa kwenye meza ya kulia, dirisha wazi, nikisikia kuku wa jirani wakigombania pa kulala. Mambo ya sanduku sitayaandika. Sabuni, soksi, kufuli, mjomba wako atayasema yote, tena atayasema kupita unavyotaka. Mimi nina jambo moja tu, nimekuwa nikizunguka nalo tangu Jumapili.

Jumapili uliniambia, "Mama, Yesu wako ni mwoga."

Hukupiga kelele. Ulikuwa ukipepeta mchele, ukasema bila kuinua uso, kisha ukaendelea kupepeta. Tangu siku hiyo unaniamkia shikamoo asubuhi, unanijibu nikikuuliza, na baada ya hapo hakuna neno. Nilitaka kukuchapa. Nilitaka kukujibu pia, lakini sikuwa na jibu, na nadhani ndiyo sababu nikataka kukuchapa. Neno lililonichoma zaidi si mwoga. Ni "wako." Kana kwamba yuko mwingine mahali fulani, wa watu wengine, mwenye uti wa mgongo, nami nikajichagulia huyu.

Nimelifikiria neno hilo wiki nzima nikiwa mbele ya mashine ya taipu ofisini kwa chifu. Nimeharibu karatasi nyingi. Unajua nilivyo, kosa moja tu na moyo wangu unadunda kama nimeiba. Wiki hii nimekosea mpaka jina la kata yetu.

Kache unamwita Hawe, yaani nyanya kwa lugha yetu ya nyumbani. Lakini sijawahi kukueleza sawasawa kwa nini tunamwita hivyo, ilhali hatuna damu naye hata tone. Niliona aibu. Sasa aibu nimeichoka.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu mkuu aliponirudisha nyumbani, nawe uko tumboni. Babu yako alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Alinikuta uani, akalichukua sanduku langu, akalitupa nje ya ua. "Mfuate huyo aliyekupa," akasema. Huyo aliyenipa alikuwa ameshahama na hakuacha hata nyayo. Nikakaa kando ya njia, juu ya sanduku langu, sare ya shule bado ninayo mwilini. Hawe ndiye aliyenikuta, akitoka kuuza vitumbua. Tulikuwa tukimjua kama jirani tu, mjane mwenye sinia kichwani. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Beba upande huu, nami nibebe ule," tukalibeba sanduku mpaka kwake.

Asubuhi yake akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akachukua na nazi, akaenda kwa babu yako. Akaiweka mbuzi kwenye kizingiti cha mlango, akaikalia, akaanza kukuna. Nilikuwa nimejificha nyuma ya choo cha jirani nikiyasikia yote.

"Kache, unafanya nini mlangoni kwangu?"

"Nakuna nazi, baba."

"Kwako hakuna mlango?"

"Upo. Ila mtoto wa kwako amelala kwangu, nikaona nazi yake ikuniwe kwao."

"Ondoka kabla sijakutoa."

"Nitoe. Lakini uninyanyue na mbuzi yangu, baba, goti hili limeshakufa ganzi."

Watu wakaanza kucheka nyuma ya ua. Babu yako alikuwa na mikono ya kung'oa mnazi, na hakuwa na la kufanya nayo. Mtu mwenye adabu zake hawezi kumruka mjane aliyekaa. Kumsukuma, mbele ya majirani, tena mshirika mwenzake wa kanisa, hakuweza pia. Hakutukanwa hata kidogo ili apate kisingizio cha kutukana. Jua likapanda. Nazi ya kwanza ikaisha, Hawe akapasua ya pili. Aliombwa tena aondoke, akajibu "Naam, baba," asiondoke. Mwishowe babu yako akasema kutoka ndani, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada, "Haya. Mlete mtoto."

Hawe hakushangilia. Aliinuka, akaomba maji ya kunywa, akasema jambo moja zaidi: "Akijifungua, mtoto nitamlea mimi mchana. Sidi atarudi kusoma." Ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikulia mgongoni mwake ukinuka moshi na iliki, nami nikaenda shule nyingine nikamaliza, nikapata ukarani. Nilipopata nyumba hii, mbuzi ile akanipa. Ndiyo hii unayoikalia kila siku ukilalamika kwamba imepinda.

Shuleni, katika mtihani wa dini, tuliulizwa tueleze upole wa Bwana Yesu. Nilijaza kurasa. Nilipata alama ambazo mwalimu alizisoma mbele ya darasa. Sikumtaja Hawe hata mahali pamoja. Haikunipitikia akilini kwamba niliyemwona mlangoni ana uhusiano wowote na swali. Niliandika juu ya mwana-kondoo, juu ya sauti ya chini, juu ya kuvumilia. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nina sauti ya chini, nikadhani nimeshafika.

Maisha yangu yote nimesifiwa upole, Kadzo. Kila mwalimu aliniandikia hivyo: mpole, mtiifu. Mchungaji husema hivyo akinitambulisha kwa wageni. Chifu alisema hivyo aliponiajiri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mimi ni mpole au ninaogopa tu, na mimi sikuwahi kujiuliza, maana kwa nje mambo hayo mawili huvaa leso moja.

Kisha Baraka akafa.

Unajua alivyokufa, lakini nitaandika, kwa sababu nimechoka kusikia yakisimuliwa vibaya. Baraka alikuwa mtoto wa Mzee Ngumbao, ndugu wa marehemu mume wa Hawe. Alikuwa akifanya kazi ya chumvi huko Ngomeni. Alirudi na homa, akakataa kupelekwa hospitali, na homa ikamwondoa. Hiyo ndiyo habari yote. Lakini kwenye hanga, watu wakiwa wamekaa kuomboleza na hawana la kufanya na uchungu wao, mtu mmoja akasema kwamba kitu cha mwisho alichokula Baraka ni vitumbua vya Kache. Mwingine akasema mumewe naye alikufa ghafla. Mwingine akasema, mwangalieni macho yalivyo mekundu, macho ya mchawi. Macho! Mwanamke aliyekaa mbele ya moshi wa vitumbua tangu kabla sijazaliwa, macho yake yawe ya rangi gani? Ya buluu?

Mzee Ngumbao akataka Hawe aende kiraho. Hutakuwa na watu wa huku shuleni, na wenzako wakikuuliza, waambie ukweli: mtuhumiwa hupelekwa kwa mganga, akapewa kipande cha papai kilichosomewa maneno, na watu husema mwenye hatia huvimba mdomo, asiye na hatia hula akaenda zake. Hawe alipoambiwa alicheka. "Papai? Nimekula mapapai maisha yangu yote, hili moja ndilo litanijua?" Alikuwa tayari kwenda kesho yake, ale, arudi, mambo yaishe.

Mchungaji akaja mbio. Mkristo haendi kiraho. Ukienda, tunakutenga, na kitambaa chako cheupe cha akina mama unakirudisha. Hawe ni mtu wa kutii, alisema haendi. Na ukoo nao ukasema, asiyekwenda kiraho amejihukumu. Ukaona walivyomfanya? Hawa wamefunga mlango wa mbele, hawa wamefunga wa nyuma, na wote wawili wanasema ni kwa ajili ya haki.

Hapo ndipo akaja kwangu. Alikuja ofisini saa ya chakula, akakaa barazani. Dirisha la chifu lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Unajua chifu na Mzee Ngumbao ni watu wa mbari moja. Hawe akasema, "Sidi, mwanangu, Jumapili baada ya ibada ukoo unakaa. Wataniuliza. Niseme nini?"

Nikasikia kiti cha chifu kikilia ndani. Hicho tu. Kiti. Nami nikasema upesi, kwa ile sauti yangu wanayoisifu, "Nyamaza tu, Hawe. Yesu naye alinyamaza mbele ya wakubwa. Upole utawashinda."

Hawe akauliza, "Ndivyo mlivyosoma?"

"Ndivyo."

"Basi nitanyamaza."

Jumapili ulikuwepo, ulimwona. Mzee Ngumbao alisimama akauliza, "Kache, mwanangu umemla?" Na Hawe, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akanyamaza. Kadzo, mimi nimezaliwa hapa. Mtoto wa chekechea wa hapa anajua kwamba kwetu anayeshtakiwa neno kama hilo hukana papo hapo, kwa sauti, akawataja marehemu wake. Anayenyamaza amekubali. Nilijua hivyo kama ninavyojua njia ya kisimani, na bado nilimwambia anyamaze, kwa sababu nilikuwa nikifikiria kiti cha chifu. Akaulizwa tena, akanyamaza. Vijana wakaanza, "Kakubali! Kakubali!" Hawe akageuza kichwa, akanitafuta kati ya wanawake. Akanipata. Nami nikatazama viatu vyangu.

Wakampa mpaka Jumamosi aondoke. Asipoondoka, vijana watakuja kuyavua makuti ya nyumba yake.

Halafu tukaja nyumbani, ukapepeta mchele, ukasema ulilosema. Ulikuwa umeona viatu vyangu pia.

Sitaki udhani nimekaa bure tangu hapo. Nimehangaika, na nitakwambia nilivyohangaika ili ujue jinsi watu wazima wanavyoweza kutembea sana wasifike. Jumatatu niligonga mlango wa chifu. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, maneno mazuri, ya mpangilio. Akanisikiliza akichokonoa meno.

"Sidi, wewe ni karani au wakili?"

"Karani, mzee."

"Mashine yako ile pale."

Nikasimama pale pale, jambo ambalo kwangu ni ushujaa. Akaniangalia tena. "Na binti yako si anakwenda sekondari? Hongera. Basi kazi bado unaitaka." Nikarudi kwenye mashine. Mzee Kazungu tarishi, aliyekuwa akisikia yote, akanisogezea kikombe cha chai na kuninong'oneza, "Mama Kadzo, hapa ofisini mimi nimedumu kwa sababu masikio yangu yamekufa. Yako yaue mapema."

Jumanne nikaenda kwa mchungaji.

"Shikamoo, mchungaji. Hawe Kache amekataa kiraho kama mlivyomwambia."

"Marahaba. Bwana asifiwe. Kanisa lina msimamo."

"Jumamosi wanakuja kubomoa nyumba yake kwa sababu amekataa. Kanisa litakuwa wapi Jumamosi?"

"Tutamwombea, mama."

"Mkiwa wapi?"

Akacheka kidogo, kama mtu anayecheka na mtoto. Akaniambia Kristo alikuwa mpole, hakushindana na mtu, na mwanamke Mkristo mwenye elimu kama mimi anapaswa kuonyesha mfano wa upole. Kadzo, nilikuwa nikisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani kwa mtu mwingine. Sijawahi kuchukia sauti kama nilivyoichukia ile, na ilikuwa yangu.

Nikaenda kwa mjomba wako. Charo akasema, "Niambie tu. Naja na vijana wa stendi, kila mmoja na rungu lake. Tuone nani atavua kuti la nani." Nakuambia kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilipanda kitandani nikiwaona vijana wa Ngumbao wakikimbia mashambani, na nikalala vizuri kwa mara ya kwanza. Asubuhi nikaogopa zaidi. Vijana wa stendi watarudi Malindi jioni. Hawe atabaki na majirani waliopigwa. Na mimi nitakuwa nimejificha tena nyuma ya choo cha mtu, safari hii nyuma ya marungu ya kaka yangu.

Basi Jumatano, saa ya chakula, sikula. Nilifungua Injili nilitafute lile neno nililompa Hawe, lile la Yesu kunyamaza. Nilitaka nione kama nilidanganya. Nikalikuta. Alinyamaza kweli. Lakini nilianza kusoma nyuma kidogo, na nikaudhika, maana usiku ule ule alipokamatwa aliwauliza wanamtafuta nani, wakasema yeye, akawaambia basi wale wenzake wawaache waende. Na yule mtumishi alipompiga kofi mbele ya kuhani, hakunyamaza. Hakurudisha kofi, lakini alimuuliza: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya, kama nimesema vizuri, unanipigia nini? Hayo yanasomwa kila Ijumaa Kuu. Nimeyasikia tangu utotoni nikiwa nimevaa gauni lililopigwa pasi, na sikuwahi kuyasikia.

Sasa nikawa natafuta kwa hasira, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwanamke aliyeburutwa mbele yake ili apigwe mawe: hakumwambia avumilie. Aliinama, akaandika chini, akawafanya wale wenye mawe wangoje. Mwanamke aliyemmiminia mafuta, wakubwa wakamfokea: aliwaambia wamwache. Nikaona, na sijui kama nimeona sawa, mimi si mchungaji: pale mbele ya wakubwa alinyamaza kwa ajili ya nafsi yake. Mwingine aliposhtakiwa, alisema. Mimi nimegeuza. Ya kwangu naweza kuyapigania mpaka kwa mkuu wa wilaya, ukumbuke nilivyopigania likizo yangu. Ya Hawe ndiyo nikayanyamazia, nikamtaja Yesu.

Na lile la hekalu, alipopindua meza. Charo analipenda hilo, hulitaja kila anapotaka kupiga mtu. Lakini Charo haendelei mbele. Ukiendelea, unakuta kwamba meza zikiwa bado chini, vipofu na viwete walimjia pale pale, na watoto walikuwa wakiimba. Nilifunga kitabu nikakaa. Babu yako alipokasirika, sisi watoto tulipanda juu ya miti. Hasira gani hiyo ambayo kilema anaikaribia na mtoto anaimba kando yake? Sijui kuieleza. Najua tu kwamba niliwahi kuiona, imekaa juu ya mbuzi ya nazi kwenye kizingiti cha baba yangu, ikiitikia "Naam, baba" na haiondoki.

Jana nilikwenda kwa Hawe. Hukujua. Nilimkuta anachambua mchele wa vitumbua, peke yake. Hakuna mtu anayepita kwake sasa, wanazunguka kwa njia ya mikorosho.

"Hawe, nilikudanganya."

"Hukunidanganya. Uliogopa."

"Ulijua?"

"Kile kiti mimi pia nilikisikia, mwanangu. Macho ndiyo mabovu, masikio mazima."

"Sasa mbona ulinyamaza kweli?"

Akapuliza makapi. "Nilidhani huenda umesoma mahali ambapo mimi sikufika."

Kadzo, ningependa anitukane. Nilisubiri anitukane. Nililia pale kama mtoto, naye akanipa ungo nimsaidie kuchambua, kwa sababu mtu anayelia mikono mitupu humtia uvivu. Nikamuuliza Jumamosi atafanya nini, kama atakwenda kwa nduguze Magarini. Akasema, "Jumamosi? Nitakaanga vitumbua. Jumamosi watu wanataka vitumbua." Nikamwambia hakuna mtu atakayenunua. "Basi tutakula sisi." Kisha akalalamika kwamba mbuzi aliyoinunua badala ya ile aliyonipa imevunjika mguu, na mchele ukisagwa hana cha kukunia nazi ya tui.

Hapo nikajua nitakalofanya.

Nataka uelewe kwamba bado ninaogopa. Sijabadilika usiku mmoja. Ninaandika barua hii na herufi zangu si zile unazozijua. Ninaogopa wale vijana, ambao wawili wao nimewafundisha shule ya Jumapili. Ninamwogopa chifu, kwa sababu Jumatatu huenda mashine ile ikawa na karani mwingine. Hilo sikufichi: kazi ikienda, masomo yako yatakuwa magumu, na itabidi tuombe watu. Nimejiuliza kama nina haki ya kuiweka rehani shule yako kwa ajili ya Hawe. Kisha nikakumbuka shule yangu ililipiwa na nani, na kwa nazi ngapi. Huenda ukaniona mpumbavu. Ni afadhali kidogo kuliko ulichoniona Jumapili.

Sikuambii uwe kama mimi. Nimejaribu kuandika nasaha za mwisho kama wanavyofanya wazazi wengine, nikazikata zote. Huko uendako watakusifu, maana una adabu, na sauti yako imefanana na yangu. Watakapokuita mpole, ujiangalie miguu inaelekea wapi. Hilo tu. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usichelewe wiki nzima.

Uliposema Yesu wangu ni mwoga, ulikuwa umekosea juu yake, hukukosea juu yangu. Nilimvalisha woga wangu, nikamwonyesha Hawe, nikakuonyesha na wewe. Sina hasira tena na ulilosema. Nina hasira kwamba ilibidi lisemwe na mtoto.

Kwa hiyo kesho, Jumamosi yenyewe, usiitafute mbuzi jikoni, nimeichukua. Na zile nazi zilizokuwa chini ya meza nimezichukua pia. Charo nimemwambia aje mikono mitupu, abebe sanduku lako tu, rungu aliache Malindi. Amenung'unika lakini amekubali. Mimi nitatangulia kabla hakujapambazuka vizuri. Nitaiweka mbuzi kwenye kizingiti cha Hawe, nitaikalia, nitakuna nazi ya vitumbua. Ile mbuzi ina meno, unajua yanavyokwaruza, lakini ni meno ya nazi, hayajawahi kung'ata mtu. Wakija wakiniuliza ninafanya nini, ninalo jibu, nimefundishwa. Wakimuuliza Hawe lile swali lao, atajibu mwenyewe, kwa sauti yake, na mimi nitakuwa pale nasikia, na nitasema nilivyomshauri, na kwamba kimya kile kilikuwa changu. Baada ya hapo sijui. Wanaweza kuniruka. Wanaweza kupanda juu ya nyumba kwa nyuma. Sina mpango mwingine, na wewe unajua ninavyopenda mipango.

Njia yenu ya kutokea barabarani inapita njia panda ya kwa Hawe. Usimwambie mjomba wako asimame, mtachelewa basi. Lakini ukifika pale, geuza kichwa upande wa ile nyumba. Kama watu ni wengi usiite. Mikono yangu usiitazame, nazi nyingine itakuwa imemwagika chini.

Tazama tu kama nimekaa.

Mamako,
Sidi